Fumbo la Dakika 45

Mwaka 1957 mhandisi kijana, James Gibbons, aliketi mbele ya William Shockley huko Mountain View, California. Shockley alikuwa mkuu wa maabara ya semikondakta iliyobeba jina lake, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, yeye na wenzake wawili, kwa kazi yao ya transista. Mkononi alishika saa ya kupimia muda. Akatega fumbo. Wachezaji 127 wa tenisi wanaingia kwenye mashindano ya mtoano. Raundi ya kwanza 126 wanapangwa wawili wawili na mmoja anapita bila kucheza. Raundi ya pili wamebaki 64, na kuendelea hivyo. Zitachezwa mechi ngapi hadi bingwa apatikane?

Watu wengi huanza kujumlisha: 63, 32, 16, 8, mpaka mwisho. Gibbons alijibu papo hapo kwamba ni 126. Kila mechi humtoa mchezaji mmoja, na ili abaki bingwa peke yake sharti wengine 126 wawe wametolewa. Shockley hakufurahi hata kidogo. Alitaka kujua kama kijana amewahi kulisikia fumbo hilo. Akamtegea la pili, na safari hii Gibbons akakaa kimya akifikiri. Kadiri mshale wa saa ulivyozidi kwenda, ndivyo uso wa msaili ulivyokunjuka.

Kisa hicho alikisimulia William Poundstone katika kitabu alichokitoa mwaka 2003 kuhusu usaili wa mafumbo, nami nakipenda kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo miaka mingi ya baadaye halikuondoka: ndani ya chumba cha fumbo, anayepimwa si msailiwa peke yake. Shockley mwenyewe alipokuwa mtoto California alipimwa akili kwa ajili ya utafiti mashuhuri wa Lewis Terman wa Stanford, uliokusanya watoto wenye vipaji vya pekee. Alama zake hazikutosha, akaachwa nje. Hakuna hata mmoja kati ya waliochaguliwa aliyekuja kupata Nobel. Ungedhani mtu aliyepitia hayo angeyatilia shaka majaribio ya namna hiyo, lakini yeye aliyakumbatia. Waajiriwa wake wa kwanza walipelekwa New York kupimwa na wanasaikolojia, na Gordon Moore alikuwa akisimulia kwa kicheko kwamba majibu yalisema yeye na Robert Noyce ni werevu ila hawatafaa kuwa viongozi. Mwaka huohuo wa 1957 wawili hao na wenzao sita walimkimbia Shockley wakaanzisha Fairchild Semiconductor, na mwaka 1968 Noyce na Moore wakaanzisha Intel.

Hao walikuwa watu wa transista, kazi yenye somo lake chuoni na vitabu vyake. Kwa waandishi wa programu hali ilikuwa ngumu zaidi, maana hakuna aliyejua kazi yenyewe ni kazi gani. Mwaka 1945, jeshi la Marekani lilipotafuta watu wa kuiendesha ENIAC, kompyuta kubwa iliyokuwa ikijengwa Philadelphia, lilichagua wanawake sita kutoka miongoni mwa waliokuwa wakipiga hesabu za mizinga kwa mkono. Mmoja wao, Jean Jennings, binti wa mkulima wa Missouri aliyesomea hisabati, aliulizwa kwenye usaili ana maoni gani kuhusu umeme. Akajibu kwamba alisoma fizikia na anaijua kanuni ya volti na ukinzani. Msaili akamkatiza: hakutaka kanuni, alitaka kujua kama binti anauogopa. Kazi ilikuwa ya kuchomeka nyaya na kugeuza swichi mchana kutwa mbele ya mtambo wa tani 30, kwa hiyo swali lilikuwa la maana kabisa. Nimepitia maswali mengi ya usaili katika historia hii na sijaona lililokaribia kazi yenyewe kuliko hilo.

Miaka kumi baadaye mambo yalikuwa yamekua mno kwa usaili wa namna hiyo. Mradi wa ulinzi wa anga ulioitwa SAGE ulihitaji maprograma kwa mamia, na hawakuwapo. Benki, kampuni za bima na viwanda navyo vilianza kutumia kompyuta. IBM, iliyokuwa ikizikodisha, ilijua kwamba mteja asiye na mtu wa kuiandikia mashine programu atairudisha. Ndipo mwaka 1955 watu wake wawili, Walter McNamara na John Hughes, walipotoa jaribio la kupima kipaji cha programu, lililokuja kujulikana kwa kifupi kama PAT.

Ukilitazama leo unashangaa. Ndani yake hamna programu wala kompyuta. Kuna mfuatano wa namba, na mwombaji aseme inayofuata ni ipi. Kuna maumbo: hili kwa lile ni kama lile kwa lipi? Kuna hesabu za maneno kama za darasa la saba. Kila sehemu ina muda wake, na kalamu ziwekwe chini muda ukiisha. Mtu angeweza kulipasi bila kuwahi kuiona kompyuta, na kwa kweli ndilo lilikuwa kusudi lake, kwa kuwa karibu hakuna aliyewahi kuiona. Jaribio lilienea ajabu. Mwanahistoria Nathan Ensmenger, ambaye amechimba habari hizi kuliko wengi, anaandika kwamba katika mwaka 1967 peke yake walilifanyishwa watu zaidi ya 700,000.

IBM hiyohiyo ilitoa tangazo magazetini katika miaka ya 1950 likiwaita wapenda sataranji na mafumbo. Walioitika walikuwa wachache, lakini miongoni mwao alikuwamo Arthur Bisguier, aliyekuwa bingwa wa sataranji wa Marekani. Tangazo la namna hiyo linafurahisha kulisoma, na hapo ndipo picha ya programa ilipoanza kuchorwa: mtu wa mafumbo, anayekaa peke yake, asiyehitaji watu. Mwaka 1966 wanasaikolojia William Cannon na Dallis Perry waliwahoji maprograma zaidi ya elfu moja ili kujua wanafanana kwa lipi. Waligundua kwamba wanapenda mafumbo na hawavutiwi sana na watu. Kampuni zikayachukua majibu hayo kuwa kigezo cha kuajiri. Duara lilikuwa limefungika: waliochaguliwa kwa mafumbo walichunguzwa, wakakutwa wanapenda mafumbo, na ikaamuliwa kwamba kupenda mafumbo ndiyo alama ya programa bora. Wanawake kama wale sita wa ENIAC, walioipata kazi hii ilipokuwa bado inahesabiwa kuwa ya ukarani, walianza kusukumwa pembeni na picha hiyo.

Je, PAT ilipima kitu? Ilipima, ila si kile waajiri walichokitaka. Waliolichunguza katika miaka hiyo waliona kwamba aliyefanya vizuri kwenye jaribio alifanya vizuri pia darasani, wakati wa mafunzo. Walipofuatilia alama hizo hadi kazini na kuzilinganisha na tathmini za wakubwa wa kazi, uhusiano ulififia hadi karibu kupotea. Haya yalijulikana mapema kabisa, na jaribio likaendelea kutumika, kwa kuwa lilikuwa rahisi, lilitoa namba, na hakuna aliyekuwa na kitu kingine mkononi.

Kisha mwaka 1968 likatoka andiko dogo lililowatia waajiri kiwewe. Harold Sackman na wenzake wawili waliwapa maprograma 12 wazoefu kazi ya kuandika na kusahihisha programu, wakakuta kwamba katika kazi moja aliyekuwa wa mwisho alitumia muda mara 28 kuliko wa kwanza. Watafiti walikuwa wakichunguza jambo jingine kabisa, yaani kama ni bora kufanya kazi mbele ya mashine moja kwa moja au kuipelekea kazi na kusubiri majibu, na hesabu ya 28 ilichanganya hali hizo mbili. Hayo yote yalisahaulika. Kilichobaki vichwani ni kwamba kuna programa mmoja anayewazidi wenzake mara kumi na zaidi, na kwamba kazi ya msaili ni kumnasa. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kuhalalisha usaili unaochukua saa sita.

Hapa hadithi inahama kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kituo cha kufua umeme cha Dan River, North Carolina. Kampuni ya Duke Power iliwaweka wafanyakazi wake weusi katika idara moja tu, ya vibarua, ambako anayelipwa zaidi ya wote alipata pungufu ya mtu wa chini kabisa katika idara nyingine. Tarehe 2 Julai 1965, siku ileile sheria iliyokataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, kampuni iliweka sharti jipya: anayetaka idara nzuri afaulu majaribio mawili, moja la akili na jingine la kuelewa mitambo. Wafanyakazi 13 wakiongozwa na Willie Griggs walikwenda mahakamani. Mwezi Machi 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa sauti ya majaji wote 8 walioshiriki kwamba jaribio linalowaengua watu wa kundi fulani halifai mpaka mwajiri aonyeshe linahusiana na kazi. Jaji Mkuu Warren Burger aliikumbusha dunia hadithi ya mbweha na korongo, ya chakula kinachotolewa kwa wote katika chombo ambacho mmoja hawezi kula, akasema jaribio lipime mtu kwa ajili ya kazi, lisimpime hivihivi tu.

Baada ya kesi ya Griggs, majaribio ya akili ya wazi kama PAT yalianza kuogopwa katika makampuni ya Marekani. Kwa maoni yangu fumbo halikuondoka. Lilitoka kwa mlango wa mbele na kurudi kwa mlango wa nyuma likiwa limevaa ovaroli.

Lilirudi kwanza kama mzaha wa werevu. Microsoft, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilisifika kwa kuwauliza vijana waliotoka vyuoni kwa nini mifuniko ya mashimo ya barabarani ni ya duara, au vituo vya mafuta Marekani nzima ni vingapi, au mlima Fuji ungeuhamishaje. Makampuni mengine yaliiga, kwa hoja kwamba Microsoft imetajirika hivyo lazima inajua inachofanya. Ilipofika mwaka 2004 Google ikaliweka fumbo barabarani kabisa: bango kubwa kando ya barabara kuu ya 101 huko Silicon Valley, bila jina la kampuni, likimtaka mpita njia atafute namba tasa ya kwanza ya tarakimu 10 ndani ya tarakimu za namba e. Jibu, 7427466391, lilikuwa anwani ya tovuti yenye fumbo la pili, na aliyelivuka hilo alikaribishwa kutuma wasifu wake.

Mwaka 2013 Laszlo Bock, mkuu wa rasilimali watu wa Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo ya aina ya vituo vya mafuta ni kupoteza wakati, hayatabiri chochote, na faida yake kubwa ni kumfanya msaili ajione mwerevu. Alisema pia kwamba walipolinganisha alama za wasaili kwa maelfu ya usaili na jinsi waajiriwa walivyofanya kazi baadaye, hawakuona uhusiano wowote. Shockley na saa yake angekuwa hai angekuwa na la kujibu.

Lakini Google haikuacha mafumbo, ila ilibadili aina. Kufikia wakati huo usaili wa kawaida ulikuwa dakika 45 mbele ya ubao mweupe: geuza orodha hii, pita kwenye mti huu wa matawi mawili mawili, tafuta njia fupi, andika kwa mkono, na ueleze inachukua hatua ngapi. Hoja ya wanaoutetea si ya kupuuzwa. Mwaka 2007 wasaili walianza kueleza hadharani kwamba waombaji wengi wenye shahada za kompyuta walishindwa zoezi la kitoto: chapisha namba 1 hadi 100, zinazogawanyika kwa 3 ziandikwe neno moja, kwa 5 neno jingine, kwa zote mbili maneno yote. Anayeshindwa hilo hawezi kulipwa mshahara wa programa, na fumbo dogo humbaini kwa dakika kumi. Tena fumbo halisomi jina la chuo kwenye cheti. Kampuni ya Andela iliyoanza Lagos mwaka 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata ilijengwa juu ya hoja hiyo: mpe kijana jaribio, akifaulu usimuulize ametoka wapi. Microsoft ilipofungua kituo chake Nairobi mwaka 2019, na Google yake mwaka 2022, usaili uliokuja navyo ni uleule wa makao yao makuu, Redmond na Mountain View, na vijana wa huku wakakesha na maswali ya LeetCode, tovuti ya kufanyia mazoezi ya usaili, kama wenzao wa kule, ila wao wakihesabu na bando.

Hoja hiyo inatosha kwa fumbo la dakika kumi. Haitoshi kwa lile la dakika 45, na sababu nzuri ni hatima ya swali moja linalopendwa sana: tafuta namba katika orodha iliyokwisha kupangwa.

Njia yake kila mtu anaijua. Angalia katikati, kama unachotafuta ni kidogo kuliko hapo, tupa nusu ya juu, kama ni kikubwa, tupa ya chini, rudia. Njia hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1946. Donald Knuth, aliyeandika historia ya mambo haya, anasema toleo la kwanza lisilo na kosa lilichapishwa mwaka 1962. Miaka 16 ilipita, na waliokuwa wakiandika walikuwa watu wenye vichwa. Baadaye Jon Bentley aliwapa zoezi hilo maprograma wa kulipwa zaidi ya mia moja katika mafunzo yake, kila mmoja akiwa na saa mbili hivi, wala si dakika 45. Walipozikagua kazi zao wenyewe, tisa katika kila kumi walikuta wamekosea. Bentley akaandika yake kwa makini katika kitabu chake cha 1986, na uthibitisho juu.

Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyekuwa ameiandikia lugha ya programu ya Java maktaba ya kazi hiyo kwa kufuata mkono wa Bentley, alitangaza kwamba ya Bentley ina kosa na ya kwake pia. Kosa liko kwenye mstari unaoonekana hauna neno: jumlisha mwanzo na mwisho, gawa kwa 2, upate katikati. Orodha ikizidi vitu bilioni moja na kitu, jumla hiyo huvuka 2,147,483,647, kiwango cha juu cha namba ya biti 32, na mashine inaigeuza kuwa hasi. Katikati inakuwa nje ya orodha, na programu inaanguka. Kosa hilo lilikaa ndani ya Java kwa takriban miaka tisa, likitumiwa na watu dunia nzima. Katika miaka ya 1940, njia hii ilipochapishwa, hakuna kompyuta iliyoweza kubeba orodha ya ukubwa huo, kwa hiyo hakuna ambaye angeliona.

Msailiwa anayeandika mstari ule ubaoni leo hupata alama zote. Anayesita akauliza orodha ina ukubwa gani huenda akaonekana mzito, na huyo ndiye ningemwajiri. Ubao hauoni kosa la mwaka kesho kutwa, wala hauna mwenzako wa kukusomea ulichoandika, wala usiku wa kulala na tatizo.

Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu ambayo maprograma wengi wanaotumia Mac huitumia kusakinishia nyingine, alieleza kwa hasira kwamba Google ilimkataa kwa kushindwa kupindua mti ubaoni, ilhali wahandisi wake wengi mno hutumia kazi ya mikono yake. Yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba Google ilikuwa na sababu zake. Mwaka 2017 David Heinemeier Hansson, mwanzilishi wa Ruby on Rails, mfumo wa kujengea tovuti, alisema angeshindwa kuandika upangaji wa namba ulio rahisi kuliko wote akisimamishwa ubaoni, na maprograma wenye majina wakajitokeza mmoja mmoja kutaja wasivyovijua. Wakati huo kujiandaa kwa usaili kulikuwa kumekuwa biashara kamili. Kitabu cha Gayle Laakmann McDowell, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2008, kilifika toleo la sita kikiwa na maswali 189, na miezi mitatu ya mazoezi ikawa jambo la kawaida. Hapo fumbo lilianza kupima nani ana miezi mitatu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na Microsoft walitoa mwaka 2020 matokeo ya jaribio la watu 48. Wote walipewa fumbo lilelile. Nusu walilifanya ubaoni msaili akiwatazama na wakieleza wanachofikiri, nusu walifungiwa chumbani peke yao na ubao wao. Waliotazamwa walifanya vibaya kwa zaidi ya nusu. Wanawake waliotazamwa walishindwa wote, na waliofungiwa peke yao walifaulu wote. Idadi yao ilikuwa ndogo na watafiti walitahadharisha juu ya hilo, lakini baada ya kusoma haya ni vigumu kusema usaili wa ubaoni unapima ujuzi wa algorithimu tu.

Kinachotabiri kazi vizuri zaidi kimejulikana kwa muda mrefu. Frank Schmidt na John Hunter walipojumlisha tafiti za miaka 85 mwaka 1998, sampuli ya kazi yenyewe ilikuwa juu kabisa. Paul Sackett na wenzake walipozipiga upya hesabu hizo mwaka 2022, usaili uliopangwa, wenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji na vigezo vilivyoandikwa kabla, ulishika nafasi ya kwanza, na majaribio ya akili yakashuka sana. Kampuni hazikukosa habari hizi. Zilichokosa ni hasara inayoonekana, kwa maana aliyekataliwa huenda zake, na hakuna anayemfuatilia kuona alichokuja kujenga kwingine.

Mwishoni mwa mwaka 2022 ikaja ChatGPT, na katika muda mfupi mashine ilikuwa inajibu maswali ya LeetCode haraka kuliko msailiwa anavyoweza kuyasoma. Usaili wa mtandaoni uliozoeleka tangu korona ukajaa watu wanaosoma majibu kwenye kioo cha pili. Kampuni kadhaa, Google ikiwamo, zilijibu kwa kuwarudisha waombaji ofisini angalau kwa raundi moja. Canva ya Australia ilikwenda upande mwingine: mwaka 2025 ilitangaza kwamba inatarajia mwombaji atumie akili bandia wakati wa usaili, na ikalazimika kuyatupa maswali yake ya zamani, kwa kuwa mashine iliyamaliza kabla mtu hajauliza chochote. Mapya ni marefu na hayajanyooka, na kabla ya kuandika mstari wowote mwombaji hana budi kumuuliza msaili anataka nini hasa.